Masikio ya Shemeji

Wenzake kazini walimwita Daktari, kwa sababu alipima mashine kwa sikio. Alichukua bisibisi ndefu, akagandamiza ncha yake kwenye kompresa, mpini akauweka sikioni, kisha akafumba macho. Akiyafumbua alisema, "Huyu tumbo linamuuma," au, "Huyu mzima, tatizo ni waya." Mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo alivyosema. Kwangu alikuwa shemeji, mume wa dada yangu wa tumbo moja, na ndiye aliyenipokea nyumbani kwao nilipomaliza sekondari sina pa kwenda. Sasa amefariki. Msibani watu walisimulia mengi juu ya kifo chake na machache juu ya maisha yake, na hata hayo ya kifo waliyasimulia vibaya. Ndiyo maana naandika.

Kazi yake ilikuwa kufunga na kuhudumia viyoyozi vya majengo makubwa, hasa ile sehemu inayokaa nje. Watu wengi wanaijua ya ndani tu, ile inayopuliza baridi. Ya nje ni sanduku kubwa la bati lenye kompresa, yaani pampu ya kukandamiza gesi, na feni, nalo linabeba joto la ofisi nzima na kulitupa hewani. Hupangwa juu ya paa, nyingi pamoja kwenye fremu moja ya chuma, na zikiwaka zote mtu aliyesimama katikati yake anaweza kuitwa jina na mwenzake wa kando asisikie kitu.

"Shemeji," aliniambia siku moja akinionyesha mkono uliobabuka kwa jua, "huko ndani watu wanavaa masweta. Sisi tunaungua huku juu ili wao wavae masweta."

"Na wewe ukaombe sweta basi."

"Nikaliweke wapi? Juu ya hii ngozi ya mamba?"

Ufundi alifundishwa na baba yake mdogo, aliyekuwa akitengeneza mafriji. Na friji ndilo lililomleta kwetu. Dada alikuwa akiuza kwenye duka lenye friji la vinywaji, likaharibika, akaitwa fundi. Fundi akalitengeneza siku hiyo hiyo. Kesho yake akarudi kuliangalia. Kesho kutwa akarudi, eti kasahau spana. Wiki iliyofuata akaja kuhakikisha kwamba spana ile haikuacha mkwaruzo.

Dada akamuuliza, "Kaka, hili friji lina ugonjwa gani usioisha?"

"Friji limepona. Anayeumwa ni fundi."

Walioana, wakapata binti mmoja. Hawakuwa watu wa makuu. Yeye alikuwa mpole, mwenye kupenda mpira na chai iliyokolea, na Jumapili alikuja kanisani akakaa viti vya nyuma kwa sababu, alisema, mtu wa paa akikaa mbele atasinzia Mchungaji amwone. Rafiki yake mkubwa alikuwa mwenzake wa kazini waliyemwita Kidevu, mwembamba mwenye ndevu nyingi kuliko mwili. Walipanda mapaa pamoja tangu ujana wao. Mmoja akikohoa mwingine anatoa maji.

Masikio yalianza kuondoka polepole, nasi tulifanya utani. Sauti ya televisheni ilipanda kila mwezi. Nilimwita, "Shemeji, chai!" akabaki anatazama mpira. Dada alicheka, "Huyo anasikia anachokitaka. Taja nyama uone." Nikataja nyama. Hakugeuka. Tukacheka zaidi.

Kicheko kiliisha siku ya bafuni. Dada na mimi tulikuwa tumetoka, binti kabaki na baba yake. Mtoto aliingia bafuni, komeo likakwama, akaanza kulia na kupiga mlango. Tulimsikia tukiwa bado barabarani. Tulipoingia mbio, Shemeji alikuwa amekaa sebuleni, ukuta mmoja tu kati yake na bafu, anamenya chungwa. Alipotuona tunavunja mlango alisimama na kisu mkononi, akauliza, "Kuna nini? Nani kaumia?" Mtoto alitoka kalowa jasho, sauti imemkauka. Alimpita baba yake akaenda kumkumbatia mama. Shemeji alirudi akaketi, hakulimaliza lile chungwa.

Dada alimpeleka kwa daktari wa masikio. Walimvalisha vile vya kusikilizia vya kichwani, wakampa kitufe, akaambiwa akisikia mlio abonyeze. Naye alitaka sana kufaulu.

"Mzee," daktari akamwambia kwa upole, "unabonyeza wakati sijapiga kitu."

Jibu lilikuwa fupi. Mishipa ya ndani imeuawa na kelele za miaka yote, na iliyokufa hairudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, lakini asikaribie tena mashine zile zikiwa zinaunguruma. Dada aliuliza kama kazini hawapewi vya kuziba masikio. Shemeji alisema wanapewa, na kila mtu anavivaa shingoni. Wakiziba hawasikiani, na kule juu kutosikiana ndiko kunakoua. Aliyasema haya kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na jambo moja tu la kuombea: Shemeji ashuke kwenye paa, apewe kazi ya chini, kabla masikio hayajaisha kabisa au kabla hayajamponza. Niliombea hilo asubuhi na jioni. Sikuwahi kuombea kitu kwa muda mrefu namna ile.

Alikwenda kwa msimamizi wao, akarudi akatusimulia. Msimamizi alicheka kwanza.

"Daktari, nani anasikia humu? Mimi mwenyewe mke wangu anasema anaishi na gogo."

"Bosi, sitanii. Siku moja nitamuumiza mtu, au nitajiumiza mwenyewe."

Msimamizi akaacha kucheka. Akafikiri, akasema mtunza stoo anastaafu mwisho wa mwaka, na kiti kile kitakuwa chake. Kukaa kivulini, kugawa mabomba ya shaba na mitungi ya gesi, hakuna kelele ila ya panya. Dada alimshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akagonga kuuliza kuna nini. Mimi niliamini tumejibiwa.

Nasimulia sasa jambo la kanisani, kwa sababu wengi wanalijua nusu tu.

Kanisa letu liliandaa juma la maombi kwa wagonjwa. Dada alitaka mumewe aende mbele. Yeye hakutaka. "Stoo imeshapatikana," alisema. "Tusimsumbue Mungu mara mbili." Lakini Dada alikuwa amemwona mtoto akitoka bafuni, na picha ile haikumtoka. Akamwomba, akamwomba tena, na siku ya mwisho akaenda.

Nilikuwa kwenye kwaya, kwa hiyo niliona vizuri. Mchungaji alimwekea viganja masikioni, akaomba kwa machozi ya kweli. Sisi tuliimba taratibu. Kisha Mchungaji akazunguka nyuma yake, kanisa lote likanyamaza, akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu, unasikia?"

Shemeji hakusikia. Nilijua kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta. Yalitutazama sisi wa kwaya, yakatazama waliosimama, yakafika kwa Dada aliyekuwa ameshika mikono kifuani. Akakaa akimtazama hivyo. Halafu akasema, "Nasikia."

Kanisa lilipasuka. Vigelegele, watu wakalia, wengine wakaruka juu ya viti. Mke wa msimamizi alikuwapo, mama mnene mwenye moyo mzuri. Alikuja akamkumbatia Dada wakalia pamoja.

Nyumbani Dada alikwenda jikoni akamwita mumewe kwa jina lake la nyumbani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Akaita tena. Kisha akarudi sebuleni, akasimama mbele yake.

"Umemdanganya Mungu?"

"Mungu anajua kwamba sisikii," Shemeji akajibu. "Niliwadanganya watu. Ningefanyaje, mke wangu? Walisimama wote. Na wewe ulikuwa unanitazama vile."

Dada aliketi chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mumewe. 

Mwisho wa mwaka mtunza stoo alistaafu. Kiti alipewa fundi mwingine aliyeanguka kwenye ngazi akaharibika goti. Shemeji alikwenda ofisini.

"Wewe umepona, ndugu yangu," msimamizi akamwambia. "Mke wangu alikuwapo, hakulala kwa furaha. Mwenzako huyu goti lake limekufa, ataishi vipi?"

"Bosi, sijapona."

"Usikufuru, Daktari."

"Sijapona, bosi. Nilisema tu."

 Sijui msimamizi alimwamini au hakumwamini. Labda alimwamini, lakini kiti kilikuwa kimoja na goti lilikuwa limekwisha kaa juu yake. Akamwambia avumilie, nafasi nyingine ikitokea atamkumbuka. Shemeji alitusimulia akivua viatu, bila hasira. Dada alitaka aache kazi kabisa. "Niache nikafanye nini?" akasema. "Nitengeneze mafriji? Friji nalo ni sikio." Ni kweli kwamba aliuliza huku na huko. Aliomba ulinzi, wakamwambia mlinzi asiyesikia mlango ni kiti tu. Aliomba udereva, hapo hata yeye mwenyewe alicheka.

Basi yeye na Kidevu wakatafuta njia yao. Kidevu akawa masikio yake. Juu ya paa hawakuitana tena. Kidevu akizima mashine anakuja kumminya bega, maana yake imezimwa, endelea. Akimpiga kofi mgongoni, maana yake simama. Shemeji naye akajifunza kusoma mashine kwa kiganja, anaweka mkono juu ya bati na kuhisi mtikisiko. Alijisifu kidogo. "Shemeji, mkono wangu una elimu sasa. Ukiendelea hivi utapata digrii." Nilicheka ili acheke. Binti yao alijifunza kumvuta shati badala ya kumwita. Televisheni ikawa inawaka bila sauti kabisa, naye anatazama mpira kimya, na goli likiingia anapiga makofi peke yake.

Niliendelea kuomba. Nilibadilisha maneno ya sala, nikijiambia labda niliomba vibaya.

Kisha Kidevu akapelekwa kwenye jengo lingine jipya, mbali, na Shemeji akapewa mwenzake mwingine, fundi umeme mtu mzima aliyetoka kikosi kingine. Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi ya siku ile walitumwa kuondoa mashine moja ya zamani kwenye paa la jengo la ofisi. Shemeji alimweleza waziwazi kabla hawajapanda: "Masikio yangu mabovu. Nikikupungia mkono, nenda kazime swichi, kisha njoo uniguse bega. Usiponigusa sifungui kitu." Yule bwana akakubali.

Inabidi nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu msibani walipokosea. Kabla ya kuondoa mashine ya nje, fundi huivuta gesi yote irudi ndani yake. Anafunga valvu moja, yaani koki ya bomba, anaiacha kompresa ivute, na geji ya kupimia gesi ikishuka hadi chini kabisa anafunga valvu ya pili, mashine inazimwa papo hapo. Ndipo mabomba yanafunguliwa. Yakifunguliwa kompresa ikiwa inazunguka, na valvu ikiwa imechoka haizibi sawasawa, mashine inavuta hewa, na hewa hiyo ikikandamizwa pamoja na oili ya moto ndani ya chuma kilichozibwa, ni bomu. Kila fundi wa kazi hiyo anajua. Shemeji alikuwa akiwafundisha wengine.

Mashine ile feni yake ilikuwa imeungua, ndiyo maana ilikuwa inaondolewa. Kwa hiyo hakukuwa na feni ya kutazama kama inazunguka au imesimama. Shemeji alikuwa akiimwagia maji kwa mpira ili isipate joto sana wakati inavuta. Geji ikashuka. Akafunga valvu. Akapunga mkono.

Fundi umeme akaenda kwenye ukuta wa swichi karibu na mlango wa ngazi. Maandishi yalikuwa yamefutwa na jua. Akahesabu kutoka kushoto, akazima. Ilizimika mashine ya jirani, iliyokuwa kwenye fremu hiyo hiyo. Akarudi. Kwake yeye ngurumo za paa zima zilikuwa ngurumo moja tu. Hakuwa mtu wa kutofautisha mashine hii na ile. Alisikia kelele zimepungua kidogo, akaridhika. Akamgusa bega kama alivyoagizwa.

Shemeji aliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa linatikisika, lakini fremu ile ilitikisika siku zote kwa sababu ya zile nyingine. Sikio lake la zamani lingejua mara moja, hata bila bisibisi. Lingemwambia, huyu bado yu hai. Akashika spana, akalegeza nati.

Yule bwana alitusimulia hayo hospitalini, amekaa kwenye benchi, damu ya Shemeji kwenye mikono ya ovaroli yake, akirudia, "Nilimgusa. Alisema nimguse, nikamgusa." Dada alimshika kichwa kama mtoto. Sijui alipata wapi nguvu hizo.

Tulipoingia wodini Shemeji alikuwa amefungwa bandeji usoni mote, amebakiziwa mdomo. Kile kidogo alichokuwa akisikia kilikuwa kimekwenda na mlipuko. Alikuwa macho, anaongea kwa sauti kubwa sana kama watu wasiojisikia wanavyoongea.

"Kuna mtu hapa?"

Dada akasema, "Nipo, mume wangu."

"Kuna mtu?"

"Nipo."

"Jamani, kuna mtu hapa?"

Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuza nyuso zao ukutani. Dada akamshika bega, naye akasema kwa furaha, "Kidevu! Umekuja?" Hapo Dada alivunjika. Mimi ndiye niliyeuchukua mkono mmoja wa Shemeji uliokuwa mzima nikauweka kwenye uso wa Dada. Akaupapasa. Akafika kwenye machozi, akanyamaza.

Baadaye akauliza, "Nilikosea?"

Dada akatikisa kichwa polepole, kiganja cha mumewe kikiwa shavuni mwake, ili ahisi. Hapana. Akatikisa tena. Hapana.

Tuliomba juu yake hadi manesi walipotutoa. Niliomba kwa sauti, nikijua kwamba hasikii, na kwa mara ya kwanza maishani nilihisi kwamba naongea chumbani peke yangu. Alifariki kesho yake mchana, Dada akiwa amemshika ule mkono.

Kwenye mazishi Mchungaji alieleza jinsi marehemu alivyofunguliwa masikio mbele ya kanisa, na watu wakaitikia amina. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyojua. Dada aliinamisha uso, hakumsahihisha, nami sikumsahihisha. Walio nyuma yetu walinong'ona kwamba alikuwa mzembe, alifungua bomba mashine ikiwaka, na fundi mkubwa namna ile. Namwamini Mungu bado. Siwezi kusema zaidi ya hapo, na kwenye kwaya sijarudi.

Kidevu alikuja kutusalimia baada ya watu wa msiba kuondoka. Hakuweza kufika mazishini, walikuwa hawajamruhusu kutoka kwenye lile jengo jipya. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, Dada akamletea chai. Alitusimulia ujana wao, jinsi walivyopandisha kompresa ngazini kwa mabega, mmoja mbele mmoja nyuma, na jinsi Shemeji alivyosimama kwenye kila kona ya ngazi akijifanya anapumzika kwa ajili ya Kidevu. Dada alitabasamu, mara ya kwanza.

"Na wewe shuka huko juu, shemeji," Dada akamwambia, Kidevu akimtazama mdomo. "Yatosha."

"Nishuke niende wapi, shemeji yangu? Stoo ni moja."

Wakati huo simu yake ilianza kuita, mfukoni mwa shati, kifuani pake. Iliita kwa muziki mkali. Binti alimtazama. Mimi nilimtazama. Kidevu aliendelea kusimulia juu ya ngazi zile, akipuliza chai, na simu ikaita mpaka ikakatika, ikaanza tena. Dada alinyanyuka, akaingiza mkono mfukoni mwa Kidevu akaitoa, akamwekea kiganjani.

"Aah," akasema Kidevu. Aliitazama, akaibana sikioni kwa nguvu. Aliyepiga alikuwa msimamizi.

"Ndiyo, bosi," akapiga kelele. "Kesho asubuhi. Nitakuwa juu."